Besi Isikike Jukwaani na Kwenye Simu: Vifaa na Kujitangaza kwa Mpiga Besi wa Bendi Huru

Uzi mnene wa besi ya nyuzi nne, ule wa E, ukipigwa wazi hutetemeka mara 41 kwa sekunde. Spika ya simu ina ukubwa wa ukucha, na chini ya hezi (mitetemo kwa sekunde) 200 au 300 haitoi karibu chochote. Kwa hiyo mtu anayekutana na bendi yako kwa mara ya kwanza kwenye simu, na wengi siku hizi hukutana nayo hapo, atamsikia mwimbaji, atasikia gitaa na drumu, wala hatajua kwamba upo. Mwenye ukumbi anayetafuta bendi ya wikiendi anasikiliza hivyo hivyo. Prodyuza anayetafuta mtu wa kupiga besi studio naye ni vivyo hivyo.

Ndiyo maana hapa hatutenganishi vifaa na kujitangaza. Sauti inayotoka kwenye jeki ya gitaa lako la besi ndiyo inayokwenda kwa fundi mitambo, ndiyo inayorekodiwa, na ndiyo inayoishia kwenye video ya sekunde 40. Ikiharibika mwanzoni, hakuna bango wala wasifu utakaoiokoa.

Anza na gitaa ulilonalo

Gitaa la bei ya chini lililorekebishwa vizuri hulishinda la gharama kubwa ambalo halijaguswa tangu litoke dukani. Marekebisho yana mpangilio wake: nyuzi mpya kwanza, kisha shingo, kisha kimo cha nyuzi juu ya freti (vijiti vya chuma vya shingoni), kisha usahihi wa noti, na mwisho pikapu, zile sumaku zinazonasa mtetemo wa nyuzi. Ukiruka hatua utairudia kazi yote, kwa sababu kila moja inaisogeza inayofuata.

Seti ya kawaida kwa besi ya inchi 34 (urefu wa uzi unaotetemeka) ni 45-65-85-105, yaani unene wa kila uzi kwa elfu za inchi. Unapofunga uzi mpya, acha sentimita 10 hadi 12 kupita ufunguo wake ili upate mizunguko miwili au mitatu, na uukunje kwa pembe mraba kabla ya kuukata. Ukiukata bila kuukunja, waya wa nje unaweza kulegea na uzi ukafa sauti siku hiyo hiyo. Mizunguko ishuke kuelekea chini ya mhimili, isipandane.

Sasa shingo. Tyuni gitaa, lishike kama unavyolipiga, kisha bonyeza uzi wa E kwenye freti ya kwanza kwa mkono mmoja na kwenye freti iliyo pale shingo inapokutana na mwili kwa mkono mwingine. Tazama nafasi iliyobaki kati ya uzi na freti ya 7 au ya 8. Unatafuta kama milimita 0.3, unene wa kadi ya biashara. Nafasi ikiwa kubwa, zungusha skrubu ya chuma cha ndani ya shingo kwa kufuata mshale wa saa, robo mzunguko tu, tyuni upya, subiri dakika chache, upime tena. Isipokuwepo nafasi kabisa, zungusha upande wa pili. Skrubu ikikataa, acha, mpelekee fundi. Chuma kikikatikia ndani ya shingo, gharama ya kukitoa inaweza kuzidi bei ya gitaa lenyewe.

Kimo cha nyuzi hupimwa freti ya 12: milimita 2.5 chini ya E na 2 chini ya G ni mahali pazuri pa kuanzia. Mtu anayepiga kwa nguvu aongeze kidogo. Mkwaruzo ukisikika freti tano za kwanza tu, tatizo ni shingo iliyonyooka mno. Ukisikika juu ya freti ya 12, nyuzi ziko chini mno. Hapa wengi hukosea: wanapandisha nyuzi zote kwa kosa la shingo, kisha vidole vinachoka na wanaanza kulilaumu gitaa.

Kwa usahihi wa noti, gusa uzi juu ya freti ya 12 bila kuubonyeza, upate ile noti inayolia kama kengele, kisha bonyeza freti hiyo hiyo na ulinganishe kwenye tyuna. Noti iliyobonyezwa ikiwa juu, uzi ni mfupi mno: sogeza kikalio chake kwenye daraja mbali na shingo. Ikiwa chini, kisogeze kuelekea shingo. Legeza uzi kabla ya kusogeza. Usifanye kazi hii kwa nyuzi kuukuu, kwa maana uzi uliolika na kujaa jasho hautetemeki sawasawa, na utahangaika bure. Mwisho pikapu: ukiwa umebonyeza freti ya mwisho, acha kama milimita 3 upande wa E na 2.5 upande wa G. Zikikaribia zaidi, sumaku huvuta uzi na noti huyumba.

Kuna kitu kimoja kidogo kinachoharibu maonyesho mengi kuliko amplifaya mbovu, nacho ni nati ya jeki ya gitaa. Nati hulegea polepole. Ikishalegea, kila unapochomeka waya jeki nzima inazunguka ndani ya mwili wa gitaa, na nyaya mbili ndogo zilizo nyuma yake zinajisokota kama kamba. Siku moja ule mwembamba wa ardhi unakatika palepale ulipounganishwa kwa risasi, na kinachobaki ni mvumo mkubwa bila noti hata moja. Dalili za mapema ni kukatikakatika kwa sauti ukigusa plagi. Ukiisikia, usikaze nati kutoka nje tu, kwa sababu utakuwa unazisokota nyaya wewe mwenyewe. Fungua bamba la jeki, shika jeki kwa vidole kutoka ndani, kisha kaza kwa spana ya nusu inchi au inayokaribia. Kazi ya dakika tano.

Kama besi yako ina betri ya volti 9, kumbuka kwamba kuchomeka waya ndiko kunakoiwasha. Ukilaza gitaa na waya ndani yake, betri inalala ikifanya kazi. Inapokaribia kwisha, noti zilizopigwa kwa nguvu huanza kuchanika, kisha sauti inashuka, kisha kimya. Bandika kipande cha utepe chenye tarehe uliyoiweka.

Mvumo nao una lugha yake. Besi yenye pikapu mbili za koili moja, mfano wa Jazz Bass, huvuma ukishusha sauti ya pikapu moja na hutulia zote mbili zikiwa juu sawa, ndivyo ilivyotengenezwa. Mvumo unaopungua ukigusa nyuzi ni wa kawaida. Lakini mvumo unaozidi ukigusa nyuzi, au mtetemo wa umeme unaousikia vidoleni au mdomoni ukikaribia maiki, ni hatari ya maisha. Chomoa, shuka, tafuta fundi umeme. Onyesho linaweza kusubiri.

Nunua boksi la DI kabla ya pedali yoyote

Ukiwa na fedha ya kununua kitu kimoja tu baada ya gitaa na waya, nunua boksi la DI, kisanduku cha kuunganisha gitaa na mikisa ya fundi. Pedali, kifaa cha mguu cha kubadilisha sauti, haitakusaidia kwenye ukumbi ambao fundi wake hana pa kukuchomeka vizuri.

Pikapu ya kawaida isiyo na betri inataka kuingia mahali penye ukinzani mkubwa, wa karibu megaomu 1. Tundu la laini la mikisa mara nyingi lina kiloomu 10 hivi. Ukichomeka gitaa humo moja kwa moja, sauti za juu zinamezwa na besi inasikika kama imefunikwa blanketi. Boksi la DI hurekebisha hilo, na pia huigeuza sauti iwe ya nyaya mbili zinazopingana, hivyo inaweza kusafiri mita 30 au zaidi hadi kwenye mikisa bila kuokota mvumo njiani.

Yapo ya aina mbili. Lenye umeme, linalopata volti 48 kutoka kwenye mikisa au betri ya ndani, linafaa zaidi besi isiyo na betri. Lisilo na umeme hutumia transfoma, halihitaji chochote, na linafaa besi yenye betri au mwisho wa msururu wa pedali. Mpangilio ni huu: gitaa, tyuna, boksi la DI, kisha tundu lake la pili liende kwenye amplifaya yako. Kwa njia hiyo unaweza kugeuza vitufe vya amplifaya katikati ya wimbo bila kumvurugia fundi kazi yake. Kama pedali ni sehemu ya sauti ya nyimbo zenu, ziweke kabla ya boksi. Kitufe cha kukata ardhi kibonyezwe mvumo ukitokea tu. Kitufe cha kupunguza nguvu, mara nyingi desibeli 20, kiachwe bila kubonyezwa isipokuwa sauti inachanika mikononi mwa fundi.

Waya wa gitaa uwe wa mita 3 hadi 6. Kila mita inayoongezeka hula kidogo sauti za juu za besi isiyo na betri, na waya mrefu wa bei nafuu unaweza kukufanya uamini pikapu zako zimechoka.

Na hapa tafadhali soma mara mbili. Waya wa gitaa na waya wa spika hufanana plagi, lakini ndani ni vitu viwili tofauti. Wa gitaa una uzi mwembamba uliozungukwa na ngao ya kuzuia mvumo. Wa spika una nyaya mbili nene, hauna ngao. Ukiunganisha kichwa cha amplifaya na kabati la spika kwa waya wa gitaa, waya huo unapata moto, unaweza kuyeyuka, nyaya zikagusana na kichwa kikaungua. Ukitumia wa spika kutoka gitaani, utavuma kama kizinga cha nyuki. Funga utepe mwekundu kwenye wa spika na usiazimishe.

Hesabu ya omu ni fupi. Makabati mawili ya omu 8 yakiunganishwa kwa kawaida yanakuwa omu 4. Mawili ya omu 4 yanakuwa 2. Tazama nyuma ya kichwa chako kiwango cha chini kilichoandikwa, na usikishuke kamwe. Kichwa cha taa, yaani kinachotumia mirija ya kioo, kisiwashwe bila kabati, kwani transfoma yake ya mwisho inaweza kuungua kwa onyesho moja.

Watu huulizana sana kuhusu wati, pengine kupita kiasi. Kuzidisha wati mara mbili huongeza desibeli 3 tu, tofauti inayosikika lakini haishangazi. Kichwa cha wati 500 kwa omu 4 kinachotoa kama 300 kwa omu 8 kinapoteza kama desibeli 2. Kwa drumu za kupigwa kwa nguvu, wati 300 na kabati nzuri vinatosha mazoezini na kwenye kumbi ndogo. Penye mitambo mikubwa, amplifaya yako ni ya kukusikilizisha wewe tu. Kabati la pili huleta mabadiliko makubwa kuliko kichwa kikubwa. Na kuinua kabati hadi usawa wa masikio, hata juu ya kreti imara, ni bure na husaidia kuliko vyote viwili: sauti za kati zinakufikia, nawe huongezi sauti bila sababu.

Masikio hayana vipuri. Kwa kanuni inayotumika sana ya afya kazini, desibeli 85 zinavumilika saa 8, na kila desibeli 3 zinazoongezeka hupunguza muda kwa nusu; ukifika desibeli 100 umebakiwa na dakika 15. Nunua vizibo vya wanamuziki vya desibeli 15, ambavyo hupunguza masafa yote karibu sawasawa.

Sauti inayopenya

Sauti ya besi inayopendeza ukiwa peke yako chumbani, yenye chini nyingi, juu nyingi na katikati palipochimbwa, ndiyo hiyo hiyo inayopotea drumu zikianza. Anza vitufe vyote vikiwa katikati. Bendi nzima ikipiga, sikiliza kinachokosekana kabla ya kugusa kitu.

Uzito uko kati ya hezi 60 na 100, na hapo unagombana na drumu la mguu. Amueni nani akae chini ya mwenzake. Drumu likishikilia hezi 60, wewe shikilia 90. Kishindo kisichoeleweka hukaa hezi 200 hadi 250: punguza desibeli 2 au 3. Umbo la noti, lile linalomwezesha msikilizaji kufuata unachopiga, liko hezi 700 hadi 1,000. Ongeza desibeli 3 hapo na utashangaa kuona unaweza kushusha sauti nzima. Mlio wa kidole na freti uko hezi 2,000 hadi 3,000. Mwombe mpiga gitaa apunguze chini ya hezi 100. Yeye hatakosa kitu, wewe utapata nyumba.

Noti moja ikivuma kuliko nyingine zote, kosa ni la chumba. Vuta kabati mbali na kona, maana kona huzidisha sauti za chini.

Aina ya nyuzi huamua mengi kabla hujafika kwenye vitufe. James Jamerson, aliyepiga besi kwenye rekodi nyingi za lebo ya Motown ya Marekani, alitumia nyuzi bapa kwenye besi ya Fender iitwayo Precision Bass, na alipiga kwa kidole kimoja cha shahada. Nyuzi bapa hutoa noti fupi, laini, zenye kifua. Za mviringo zinang'aa na zina mikwaruzo ya vidole, na kwa bendi yenye magitaa mawili au inayoishi kwenye video za simu, tunazipendekeza hizo.

Pedali tatu zinatosha muda mrefu: tyuna, kompresa (inayobana noti kali zikaribiane na laini), na pedali ya kuchafua sauti iliyo na kitufe cha kuchanganya sauti safi. Kompresa ianze na uwiano wa 4:1, ianze kubana baada ya milisekunde 20 hadi 40 ili mpigo wa kidole upite kwanza, na sindano ishuke desibeli 3 hadi 6 kwenye noti za nguvu. Ikibana mapema mno, unakuwa na noti zisizo na meno. Kwenye ya kuchafua, usikubali iliyo na kitufe cha uchafu peke yake, maana nyingi hula sauti ya chini. Pedali zilishwe na kisambaza umeme chenye matundu yaliyotenganishwa. Mkufu mmoja wa nyaya kwa pedali zote mara nyingi huleta mlio mwembamba kama mbu.

Rekodi itakayosikika kwenye simu

Vifaa: kadi ya sauti ya nje yenye tundu la gitaa, kompyuta, simu yenye kamera, na kistendi. Weka hezi 48,000 na biti 24. Piga noti zako kali zaidi na urekebishe nguvu hadi kilele kifike kati ya desibeli -12 na -6. Usijaze hadi sifuri. Sauti iliyochanika hapo haitengenezeki tena.

Anzisha kamera na rekodi ya kompyuta, kisha ukiwa umezima nyuzi kwa kiganja zipige mara tatu mbele ya kamera. Vilele hivyo vitatu utavioanisha baadaye kwenye programu ya kuhariri. Vikishaoana, zima sauti ya kamera au iache chini kabisa ili chumba kisikike kidogo. Video ndefu zinaweza kuachana na sauti polepole kwa sababu simu nyingi hazishiki idadi ileile ya picha kwa sekunde. Kata vipande, oanisha kila kimoja.

Ukiweka maiki kwenye kabati sambamba na DI, kumbuka kwamba sauti husafiri mita 343 kwa sekunde. Maiki iliyo umbali wa mita moja inachelewa karibu milisekunde 3, na njia hizo mbili zikichanganywa zinakulana chini. Sogeza traki ya maiki kushoto, ianze mapema zaidi, hadi vilele vilingane.

Sasa hatua inayobeba kila kitu. Nakili traki ya besi. Kwenye nakala, kata kila kilicho chini ya hezi 200, kisha ichafue kwa nguvu. Peke yake itasikika vibaya, kama redio ya zamani. Ishushe hadi isisikike, halafu ipandishe polepole huku ukisikiliza kupitia simu, si hedifoni, hadi uweze kuimba mstari wa besi. Simama hapo. Inafanya kazi kwa sababu uzi wa E wa hezi 41 hubeba pia watoto wake: 82, 124, 165, 206, 247, 288 na kuendelea. Simu haiwezi kumtoa mama, lakini inawatoa watoto wa juu, na sikio la binadamu likiwasikia hao humrudisha mama lenyewe. Msikilizaji atasema anasikia besi nzito, ingawa spika haijatoa hata chembe ya hezi 41. Geuza pia kitufe cha kupindua mawimbi kwenye nakala, na uchague upande wenye kifua zaidi. Besi ibaki katikati, mono.

Unapotoa faili la mwisho, kilele kisizidi desibeli -1. Usiibane miksi ili ishinde wengine kwa makelele: Spotify na YouTube hupunguza nyimbo zenye sauti kubwa zikaribie LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti) -14, kwa hiyo kilichobaki ni muziki uliobanwa na kushushwa.

Kuhusu picha: wima, pikseli 1080 kwa 1920, mikono yote miwili ionekane. Watu huangalia vidole. Mwanga utoke mbele au ubavuni. Nyuzi zikionekana zinajipinda kama nyoka, kamera inasoma picha mstari kwa mstari kwa kasi kubwa ya shata kuliko inavyohitajika; ikiwa programu ya kamera inaruhusu, weka shata 1/50 au 1/60. Anza na noti, ndani ya sekunde mbili za mwanzo. Salamu na jina la wimbo viwe maandishi kwenye skrini.

Kumfikia mtu wa kukuita

Piga nyimbo zenu wenyewe kwenye video zako kuliko za watu maarufu. Ukipiga juu ya rekodi ya mtu, mitambo ya utambuzi huitambua, na video inaweza kunyamazishwa au mapato yake yakaenda kwa mwenye haki. La muhimu zaidi, ukipiga za kwenu kila anayetazama anajifunza wimbo wenu.

Njia moja ambayo wapiga besi wengi hawaitumii: toa toleo la wimbo wenu lisilo na besi. Fungua mradi wa miksi, zima traki ya besi, toa faili, liambatanishe na tabo (maandishi ya noti kwa namba za freti), kasi kwa mapigo ya dakika na ufunguo wa wimbo. Mpiga besi mwenzako anayejaribu kujifunza mstari wako atausikia wimbo mara 20 jioni moja, na akirekodi toleo lake anawapelekea wasikilizaji wake.

Kabla ya wimbo kutoka, malizeni karatasi. Andikeni nani ametunga nini na kwa asilimia ngapi, mstari wa besi ukiwemo, siku ya kurekodi na si siku fedha zinapoingia. Kila rekodi ina namba yake ya ISRC, kitambulisho cha kimataifa cha rekodi, yenye herufi na tarakimu 12. Toleo la jukwaani la wimbo uleule lina namba yake nyingine. Hakikisha jina lako limeandikwa kama mpiga besi kwenye taarifa zinazopelekwa kwa msambazaji, kwa tahajia moja kila mahali. Mtunzi na mpigaji wana haki mbili tofauti, na mara nyingi unajisajili kwa kila moja peke yake. Pelekeni wimbo kwa msambazaji wiki tatu au nne kabla, kisha muuombee nafasi kwenye orodha za Spotify angalau siku 7 kabla ya kutoka. Mkichelewa hapo, mnategemea bahati tu.

Unapomwandikia mwenye ukumbi au promota, yeye anataka kujua mambo matatu: mnasikikaje, mtaleta watu, na mtamsumbua kiasi gani. Barua iwe fupi:

"Habari za kazi. Sisi ni bendi ya watu wanne, tunapiga nyimbo zetu kwa dakika 45. Hii hapa video ya jukwaani ya dakika 2. Tuko huru tarehe mbili zifuatazo. Tunahitaji maiki tatu na DI moja; amplifaya za magitaa na besi tunakuja nazo. Orodha ya matundu na mchoro wa jukwaa viko kwenye kiungo. Asante kwa muda wako."

Kisha kiungo kimoja tu, chenye wasifu wa maneno 100, picha tatu zenye upande mrefu wa pikseli 3,000, nyimbo tatu na ule mchoro. Usiambatanishe mafaili mazito. Yanajaza sanduku la mtu naye anayafuta bila kuyafungua. Kwenye orodha ya matundu, mstari wako useme wazi: besi, boksi la DI lenye umeme, volti 48, waya wa XLR (ule wa maiki), mahali penye soketi ya umeme upande wa drumu. Fundi mitambo akiikuta karatasi hiyo kabla hamjafika, anajua amepata watu wanaojua kazi. Na mafundi mitambo ndio wanaoulizwa kila wiki kama wanamfahamu mpiga besi mzuri. Fika kwa wakati, acha kupiga anapozungumza, piga kwa nguvu ileile ya onyesho anapojaribu mitambo, na umjue kwa jina.

Makampuni ya vifaa yaache kwanza. Kampuni ndogo inayokupa punguzo itataka wasikilizaji wako kama malipo, na ukiwa huna bado, utajifunga kwa kifaa kimoja kwa faida ndogo.

Mtu akikuomba umpigie besi kwenye wimbo wake kwa mbali, mpelekee traki mbili za WAV, mono, biti 24: moja safi kabisa kutoka DI, nyingine yenye sauti yako. Zote zianze mwanzo kabisa wa wimbo, hata kama besi inaingia baadaye sana, ili aziburute mahali pake bila kutafuta. Jina la faili libebe wimbo, kasi, ufunguo na jina lako, kwa sababu faili linaloitwa "besi mpya ya mwisho 2" likipotea kwenye folda ya prodyuza, na jina lako limepotea nalo.